Kikombe cha Kumi na Tatu

Kibra, Jumatatu 19 Machi 1934

Panya wameniletea bahati. Wametafuna kona ya daftari la namba kule kazini, na Bwana Mizani akanitupia akisema, "Chukua, andika mbuzi yako ndani." Sina mbuzi. Nina kinu cha chuma, mchi mzito kuliko mtoto wa miaka mitatu, na mgongo unaonung'unika kama mke mwenza. Basi nitaandika masika, kama masika yatakuja. Mawingu ya Ngong yanafika hapa, yanatutazama, yanarudi zao.

Suad binti yangu, ukija kutoka Kisumu kwa mumeo ukakuta daftari hili, ujue babako hakuwa na jambo la maana la kuandika. Alikuwa na karatasi tu.

Jumanne, 20 Machi

Jua. Nimeponda magunia mawili.

Alhamisi, 22 Machi

Nimeona nieleze kazi yenyewe, maana mama yako Mungu amrehemu alikuwa akiwaambia watu kwamba mimi natwangia Wazungu mahindi.

Mawe yanakuja kwa treni kutoka Kakamega, walikochanganyikiwa wote kwa dhahabu. Mimi nayapasua, nayachagua. Jeupe linaingia, jekundu linatoka. Jeupe nalitwanga hadi unga, nalitia pakiti, nalifungia kibati chenye namba. Kabla ya kuanza namba nyingine natwanga kwanza mchanga mtupu, kuosha kinu, ili dhahabu ya mtu mmoja isisingiziwe mwingine. Halafu pakiti zinakwenda kwa Nderitu, mtu wa tanuru, Mkikuyu wa Kawangware. Anachanganya unga na madini ya risasi, anaumimina katika vikombe vya udongo, kumi na viwili kila mpiko. Mwishowe moto ukishakula vyote inabaki chembe ya njano, ndogo kama kichwa cha pini. Bwana anaipima kwa mizani yake ndani ya kabati la kioo, amebana pumzi, ndiyo maana tukampa jina hilo.

Nderitu huniita Sajini. Anajua vizuri kwamba jeshini nilipiga ngoma tu, na tepe niliyowahi kushika ni ya kushonea kofia ya baba yangu.

Sasa hili jiwe jekundu. Bwana huliita felspa. Sisi tunaliita nyama, kwa sababu ukilipasua liko vilevile, wekundu wa nyama mbichi iliyolala siku moja. Bwana hulitupa. Tangu mwaka jana ametuachia tuibebe takataka hiyo bure, na mkokoteni umeleta nyingi hapa Kibra. Akina mama wamelitandika kwenye njia ya kisimani, wasizame matopeni. Mimi niliyachagua mazuri nikazungushia kaburi la mama yako. Shangazi yako Mabrouka alisema kaburi limepakwa hina kama miguu ya bibi arusi. Sheikh alikohoa.

Lakini nimepasua mawe miaka mitatu, na macho si ya mapambo. Pale nyama ilipo nene, ndipo jeupe lililo jirani linatoa chembe kubwa. Pale nyama ilipo na yale magamba laini ya kijivu, yanayong'aa na kupaka vidole kama wanja, ndipo Bwana anapopiga mluzi mbele ya mizani. Haya magamba nayo yana jina refu kama treni ya Kisumu, molibdenaiti. Nayo pia anatupa.

Leo nikamwambia. "Bwana, nyama inatembea na dhahabu. Labda tuipike na yenyewe."

Alicheka hadi miwani ikaanguka. "Fadlalla, wewe nini? Wewe kinu. Kinu hapana fikiri."

Nami nikacheka. Hilo ndilo linaloniudhi usiku huu. Nilicheka.

Jumamosi, 24 Machi

Mabrouka anatengeneza wanja wa Iddi. Nilikuwa nimemletea kipande cha nyama chenye magamba mengi ya kijivu, kwa utani, nikamwambia ni wanja wa Kakamega. Yeye hana utani na mambo ya macho. Akakitwanga chote, nyama na magamba, akautia unga katika bakuli na maji, akawa anatikisa na kumwaga, anatikisa na kumwaga, kama anavyotenga mchanga kwenye mchele.

"Fadlalla! Wanja wako una kutu."

Nikatazama. Chini ya bakuli, pembeni, uzi mwembamba wa njano. Ulikuwa mfupi kama ukope.

"Hiyo siyo kutu, dada."

"Ni nini basi?"

Nikamwambia ni kutu. Sijui kwa nini. Akamwaga maji, akasema Kakamega haina wanja wa maana.

Jumatatu, 26 Machi. Iddi Kubwa

Nderitu alikuja na mkewe Gathoni, kama kila mwaka. Alikula hadi akafungua kifungo. Ananiambia, "Sajini, dini yenu ni nzuri, shida yake ni moja tu, Iddi ni chache." Nilitaka kumwambia habari ya bakuli. Watu walikuwa wengi.

Alhamisi, 29 Machi

Mvua imeanza saa nane mchana, bila hodi. Njia ya kisimani inang'aa nyekundu.

Alhamisi, 5 Aprili

Nitaandika kwa mpango.

Asubuhi nilitwanga nyama. Sikuifungia kibati. Nilitaka kujua tu, Wallahi, nilitaka kujua kama kinu kinafikiri. Nderitu alipotoka kuleta makaa nikaingia kwenye chumba chake, nikachanganya unga wangu kama nilivyomwona akichanganya, nikakitia kikombe changu nyuma kabisa ya tanuru. Kumi na viwili vyake, na cha kumi na tatu. Sikumwambia. Nilitaka kumshangaza. Nilikuwa nimeshatunga na maneno ya kusema, "Haya Mzee wa Moto, hesabu watoto wako."

Alasiri Nderitu akatoa chembe zake. Nilikuwa uani napanga magunia. Nilimwona kupitia dirisha akihesabu, anahesabu tena, anakuna kichwa. Akaifunga ile chembe ya ziada katika kikaratasi, akaitia mfuko wa koti. Alitazama uani akanionyesha kidole, kama kusema, wewe Mnubi, tutaonana. Alijua. Alikuwa ananingoja tutoke aniulize.

Bwana aliingia wakati huohuo.

"Nini hiyo mfukoni?"

"Ni hii imezidi, Bwana. Nilikuwa nitauliza—"

"Namba gani?"

"Haina namba."

Bwana aliufungua mkono wake taratibu kama mtu anayepokea samaki. "Dhahabu hapana namba ni dhahabu ya mwizi."

Nderitu hakubishana. Alinitazama tena kupitia dirisha. Hakunionyesha kidole safari hii. Alinitazama tu, akingoja, kama mtu anayekungoja umalize kufunga kiatu mwende.

Nami nikainama. Nikanyanyua gunia. Lilikuwa tupu, Suad. Nililinyanyua kama lina mawe.

Askari walikuja kabla ya saa kumi. Mvua ilinyesha juu ya kichwa chake kwa sababu hawakumruhusu kuchukua kofia.

Ijumaa, 6 Aprili

Sikwenda msikitini. Nimemwambia Mabrouka nina homa.

Jumatatu, 9 Aprili

Mvua. Bwana ameleta mtu mwingine wa tanuru, kijana wa mjini. Amenunua kofuli mbili.

Jumanne, 10 Aprili

Mvua. Ninamchukia Bwana Mizani. Nimeona niliandike hilo likae mahali.

Namchukia anavyonawa mikono baada ya kutupa mshahara. Namchukia anavyosema "mimi najua nyinyi." Kati yetu watu sita tunaofanya kazi hapa, Nderitu ndiye mwaminifu kuliko hata saa ya stesheni, na Bwana hakumwuliza hata swali la pili.

(Mimi pia sikuulizwa swali. Sawa. Lakini mimi siye niliyeita askari.)

Jumamosi, 14 Aprili

Gathoni alikuja. Alitembea kutoka Kawangware kwenye matope, mguu mmoja hana kiatu, kimebaki mtoni. Nilimpa kiti, nikampa chai, nikampa sukari ya kubeba, nikatafuta na kingine cha kumpa, ili asipate nafasi ya kuongea. Akaongea.

"Baba Suad, huyu mtu wako hakuiba."

"Najua, mama."

"Sasa kama unajua, si useme? Wewe ulikuwa hapo. Wanasema kesi yake itaitwa tarehe ishirini. Shamba halijapandwa, mimi nalima peke yangu na mvua inapita. Na hiyo siyo kitu. Kipande chake, hiyo karatasi ya kazi anayovaa shingoni, huyo Bwana akikiandika mwizi, nani atamwandika kazi tena? Hata kufagia? Atazeeka akitembea na hilo neno shingoni."

"Mimi nilikuwa uani, Gathoni. Sikuona kitu."

Alinitazama sana. Halafu akanishukuru kwa sukari! Suad, afadhali angenizaba kibao.

Sasa nieleze nijitetee, maana hakuna mwingine wa kunitetea. Sisi Wanubi wa Kibra tunakaa kwa karatasi. Babu yako alipewa hapa kwa bunduki ya serikali aliyobeba miaka ishirini, lakini karatasi inasema tunakaa kwa hisani, na kila mwaka kuna mtu huko ofisini anayetamani kutuona tunafunga mikeka. Mnubi akifungwa kwa dhahabu, watasema nini? Watanyang'anya nyumba. Mabrouka atakwenda wapi? Mama yako nitamwachia nani?

Sababu nzuri sana. Nimezisoma mara mbili. Zinanuka.

Ijumaa, 20 Aprili

Kesi imeahirishwa. Hakimu ana malaria. Nderitu bado rumande.

Jumapili, 22 Aprili

Mvua. Sehemu ya kaburi upande wa magharibi imetitia kidogo. Nimepanga mawe upya. Nilipanga huku nimegeuza uso.

Alhamisi, 3 Mei

Leo nimeona jambo, na sitalala.

Bwana aliniita chemba. Mezani palikuwa na jiwe la nyama. "Hii ponda," akasema. "Kibati hapana. Daftari hapana. Sema na mtu hapana." Nikaponda. Alimtuma kijana wa tanuru sokoni, akaingia mwenyewe na vikombe, akajifungia. Alitoka saa tisa, kola imelowa, akaenda moja kwa moja kwenye mizani. Nilimsikia akipiga mluzi.

Kwa hiyo anajua! Amejua namna gani? Ameitazama ile chembe ya Nderitu. Ameipima mwezi mzima, ameiuliza ilikotoka, akafika pale kinu kilipofika mwezi Machi. Sasa anajua kwamba hakuna dhahabu iliyoibwa, kwamba chembe ile imetoka kwenye takataka yake mwenyewe. Nilingoja aite gari aende rumande. Nilifagia chumba mara tatu nikingoja.

Akavaa kofia yake akaenda kucheza gofu.

Ijumaa, 4 Mei

Nyama tena, vipande vinne. Hakuna kibati. Mluzi.

Jumamosi, 5 Mei

Mluzi. Siku ya thelathini ya Nderitu.

Jumatano, 9 Mei

Mtu anayepiga mluzi huku mwingine amelala juu ya saruji kwa dhambi ambayo si dhambi, huyo mtu nimwite nani? Nimejaribu kwa Kiswahili, nimejaribu kwa lugha yetu. Leo nilitwanga hadi mchi ukaruka ukapasua ubao. Bwana akatoa kichwa. "Pole pole, Fadlalla! Kinu yangu!"

Ijumaa, 11 Mei

Alisubiri wenzangu watoke. Akaniambia Jumatatu atakuja Kibra na lori. Anataka mawe yote mekundu, ya njiani na ya popote. Atawaletea akina mama kokoto badala yake.

"Na yale mimi naona pale makaburini," akasema. "Ile nyekundu sana. Ile pia."

Nikamwambia lile ni kaburi la mke wangu.

"Ndiyo. Mawe tu, Fadlalla. Mke hapana chukua." Akacheka kidogo. Halafu akashika bega langu, jambo ambalo hajawahi kufanya. "Na hii maneno ni yetu mimi na wewe. Wale mabwana washirika wangu Kakamega hapana sikia. Hata bwana wa serikali wa migodi. Bado."

Nilitembea njia nzima hadi Kibra bila kuhisi mvua. Bado, alisema. Nikaelewa. Washirika wake wakisikia leo, watauliza, jiwe hili umelitupa miaka mingapi? Anataka kwanza alirudishe kimya kimya, halafu asimame mbele yao aseme, tazameni nilichogundua.

Jumamosi, 12 Mei

Nimemwambia Mabrouka. Yote, tangu bakuli la wanja. Alikuwa anasuka kawa la kufunikia chakula, hakuacha kusuka.

"Kwa hiyo ilikuwa dhahabu ndani ya wanja wangu."

"Ndiyo, dada."

"Ukaniambia kutu."

"Ndiyo."

"Na kikombe kilikuwa chako."

"Ndiyo."

"Na ulipoulizwa na mke wake, ukampa sukari."

Akaweka kawa chini.

"Wewe unaandika kila siku kwenye hilo daftari. Unaandika nini? Unamtukana Mzungu?" Nililivuta daftari karibu. "Mzungu amemfunga mtu asiyemjua. Wewe umemfunga mtu anayekula kwenye sahani yako. Nani mbaya zaidi? Na usiniambie habari ya karatasi ya nyumba. Baba alifukuzwa mara tatu katika maisha yake, hakuna hata mara moja aliyomsukuma mwingine mbele ili yeye apite."

Nilisema nitakwenda polisi kesho asubuhi nijitoe.

"Ukifungwa wewe, Mzungu atakuwa na wafungwa wawili, na mawe juu. Kaa chini. Mimi nimeuza sokoni miaka thelathini. Huyu mtu ana haraka, na anaogopa kupiga kelele. Mteja mwenye haraka na aibu hachagui bei. Jumatatu iko mbali?"

Jumatatu, 14 Mei

Lori lilifika saa tatu. Lilikuta njia ya kisimani imejaa akina mama. Walikuwa wameketi juu ya mawe mekundu toka juu hadi chini, wamejifunika, wanasuka, wananyonyesha, mmoja anapepeta mchele. Mabrouka alikuwa wa mbele kabisa, juu ya jiwe kubwa kuliko yote, kana kwamba amekuja kuchumbiwa.

Bwana Mizani alishuka. "Fadlalla. Ambia bibi ondoka."

"Wamechoka, Bwana. Wamepumzika."

"Mimi naita polisi."

Mabrouka akamjibu bila kuinua macho. "Ita, Bwana. Waje wengi, na wa migodi pia waje. Sisi tutawaonyesha jiwe, na tutawaambia lilitoka wapi, na lini."

Suad, uso wa yule mtu ulibadilika rangi ukawa kama jiwe lenyewe.

Hapo nikatoka mbele. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakatoroka. Nikasema tu, "Kikombe cha kumi na tatu kilikuwa changu. Mimi nilitwanga, mimi nilichanganya, mimi nilitia tanuruni. Nderitu hakujua."

"Wewe?" Alininyooshea kidole. "Basi wewe ndiyo mwizi! Wewe nafungwa!"

"Twende wote wawili kwa hakimu, Bwana. Sasa hivi. Wewe utasema nimeiba, mimi nitasema nimeiba kutoka kwenye takataka yako. Hakimu atauliza, takataka ina dhahabu? Utajibu nini? Ulijua tangu tarehe tatu. Nilihesabu miluzi."

Mvua ilianza kudondoka juu ya boneti. Akina mama hawakusogea. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Anafikiri. Mwacheni, ndiyo mara ya kwanza."

Aliandika barua kwa hakimu kwenye ubao wa lori, karatasi inalowa. Nilimwambia asome kwa sauti, akasoma: chembe ile ilikuwa ya majaribio yake mwenyewe, amekosea, mtu yule hana hatia. Akaitia bahasha.

"Sasa mawe."

"Bado," nikasema. Neno lake mwenyewe, nilimrudishia. "Mtu kwanza, na kipande chake kimesainiwa vizuri. Halafu mawe."

"Na yale ya kaburi pia! Yote!"

Mabrouka aliniangalia. Angeweza kumkatalia. Nilimwona amefungua mdomo. Lakini alingoja, aniachie mwenyewe.

"Na yale ya kaburi," nikasema.

Jumanne, 15 Mei

Akina mama bado wamekaa juu ya mawe, kwa zamu. Mvua haijakatika. Wameimba nyimbo za arusi mchana kutwa. Dereva wa lori amewaletea mahindi.

Jumatano, 16 Mei

Ametoka. Mimi na Gathoni tulikuwa langoni. Amekonda, ndevu zina mvi ambazo hazikuwapo. Kipande kiko shingoni, nimeangalia kilivyosainiwa, hakina doa. Alimsalimu mkewe. Akanigeukia akicheka.

"Sajini! Wanasema wewe na mama zenu mmekalia njia ya Mzungu! Kumbe ngoma yako—"

"Nderitu. Ngoja."

Nikamwambia. Pale pale langoni, askari wanasikia. Kikombe, gunia tupu, sukari. Sikuacha kitu. Nilitaka kuacha lile la gunia, nikalisema.

Kicheko kilibaki usoni mwake muda, kama taa iliyosahauliwa. Halafu kikazimika.

"Siku arobaini na moja," akasema. "Kila siku nilisema, Fadlalla hajui. Angejua angekuja. Askari akiniuliza nani rafiki yako mjini, nilitaja wewe."

Akatema mate chini, si juu yangu, kando. Akamshika Gathoni mkono wakaenda. Sikuwafuata.

Alhamisi, 17 Mei

Mawe ya njiani yamepakiwa. Ya kaburi niliyang'oa mwenyewe. Sikutaka mkono wa mtu wa lori umguse mama yako. Niliyafuta matope moja moja. Moja lilikuwa na magamba ya wanja na ukope wa njano unaoonekana kwa macho, na nilikuwa nimeliweka upande wa kichwa mwaka mzima bila kuliona. Mpasua mawe hodari!

Bwana alilishika juani akapiga mluzi. Mbele ya kaburi.

Sikumpiga. Mabrouka alikuwa amenishika kanzu kwa nyuma.

Ijumaa, 18 Mei

Nimekwenda kazini, nimeuacha mchi ndani ya kinu, nikamwambia Bwana, "Kinu kimeanza kufikiri, tafuta kingine." Alisema sitapata kazi Nairobi nzima. Pengine. Nimekwenda msikitini, mara ya kwanza tangu Aprili.

Jumapili, 27 Mei

Mvua inapungua. Njia ya kisimani ni matope tu, kokoto hazijaletwa. Sisi hatukuzingoja.

Wanasema gazetini kuna Bwana mmoja amegundua jambo kuhusu jiwe jekundu. Sikutaka kusomewa.

Jumapili, 3 Juni

Jua, na ardhi inafuka moshi. Nilikuwa makaburini nafukia pale palipotitia. Nikasikia hatua. Nderitu na Gathoni, wametoka Kawangware kwa miguu. Yeye ana gunia begani, Gathoni ana jingine mgongoni, ukanda kwenye paji la uso. Hawakunisalimu. Nderitu akamwaga gunia. Mawe ya mtoni, ya kijivu, ya hapa hapa kwetu, yasiyo na kitu ndani.

Nikainama nimsaidie.

"Usiguse," akasema.

Nikasimama. Akapanga peke yake, amepiga magoti kwenye tope na suruali yake ya kanisani, analigeuza kila jiwe hadi likae sawa. Gathoni alikuwa anampa. Ilichukua muda mrefu. Mimi nilisimama nimeshika jembe kama askari wa gwaride, Sajini mwishowe.

Alipomaliza alijipangusa magoti. "Huyu mama alinipa uji mwaka wa nzige, wakati watu wa kanisa langu walifunga mlango. Hii ni yake. Wewe sijakusamehe."

"Najua."

"Usiseme unajua. Ulisema hivyo kwa mke wangu."

Waliondoka. Hapo ndipo nikaona kwamba upande wa kichwa, pale lilipokuwa lile jiwe lenye ukope wa njano, ameacha pengo, upana wa jiwe moja. Nikaita, "Nderitu! Mawe yameisha?"

Hakugeuka. Gathoni ndiye aliyegeuka. "Hayajaisha. Amesema hilo utaweka mwenyewe, siku utakapomwambia Suad mawe ya mamake yalikwenda wapi, na kwa nini."

Basi, binti yangu, hata nilipokutaja jina sikukuandikia wewe haya. Niliandika kujituliza, na kurasa nyingi hapa nilimtukana mtu mwingine ili nisijisikie. Mabrouka atalifunga daftari kwa kitambaa na uzi wa kawa, panya wasilimalize. Linakuja kwako Kisumu kwa treni ya kesho, na ukurasa huu ukiwa wa mwisho.

Pengo nimeliacha wazi. Njoo ulione kabla sijaliziba.